Macho Hayana Pazia: Sayansi na Haki katika Picha za Wapita Njia

Mwaka 1838, mjini Paris, Louis Daguerre aliuweka mtambo wake wa kupigia picha kwenye dirisha la ghorofani, akauelekeza kwenye barabara iliyoitwa Boulevard du Temple. Barabara hiyo ilikuwa na pilikapilika nyingi za watu na magari ya farasi. Hata hivyo, picha iliyopatikana ilionyesha barabara tupu. Bamba la fedha lililotumika lilihitaji dakika kadhaa ili kupokea nuru ya kutosha, na kila aliyekuwa akitembea alipita kabla alama yake haijashika. Aliyeonekana dhahiri ni mtu mmoja tu aliyekuwa amesimama akipigwa kiwi viatu vyake, na mbele yake kivuli hafifu cha mpiga kiwi. Majina yao hayajulikani hadi leo. Wanahesabiwa kuwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kupata kuonekana katika picha, nao walipigwa bila kujua.

Tangu siku hiyo upigaji picha wa wapita njia umekuwa sehemu ya historia ya miji mikubwa. Picha hizo zimewapa wanahistoria, wanajamii na wapangaji wa miji ushahidi usiopatikana katika hati yoyote. Lakini tangu mwanzo zilizusha swali ambalo sheria na sayansi bado zinahangaika nalo: uso wa mtu aliyeko barabarani ni mali ya nani? Kwa zaidi ya miaka 100 swali hilo liliweza kuachwa bila jibu kamili, kwa kuwa mtu asiyejulikana aliendelea kutojulikana hata baada ya picha yake kutundikwa ukutani. Hali hiyo sasa imebadilika. Ili kuelewa mabadiliko hayo, yafaa kwanza kuangalia jinsi mtambo wenyewe unavyofanya kazi, kisha jiji ambamo kazi hiyo ilistawi kuliko kwingine kote, yaani New York.

Mtambo Unaoshinda Mwendo

Ili picha ya mtu anayetembea itoke wazi, mambo matatu hayana budi kutimia kwa pamoja. Kwanza, filamu iwe nyepesi kuhisi nuru. Pili, pazia la ndani ya kamera lifunguke na kufungwa kwa muda mfupi mno. Tatu, mtu mwenyewe awe katika umbali ambao lenzi inaweza kuuonyesha bila ukungu.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha umuhimu wa jambo la pili. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa husogea karibu mita 1.4 kila sekunde. Pazia likikaa wazi kwa 1/30 ya sekunde, mtu huyo huwa amesogea sentimita 4 na nusu hivi, na sura yake hutoka kama moshi. Likikaa wazi kwa 1/500 ya sekunde, husogea milimita 3 tu, na picha hutoka safi. Lakini muda ukipunguzwa, nuru nayo hupungua. Ndiyo maana upigaji picha wa namna hii ulisubiri maendeleo ya kemia. Filamu imepakwa chembechembe za chumvi za fedha, na kadiri wanakemia walivyozifanya chembe hizo ziwe nyepesi kuhisi nuru, ndivyo muda uliohitajika ulivyofupika kutoka dakika hadi sehemu ndogo ya sekunde. Filamu ya Tri-X, ambayo kampuni ya Kodak iliitoa kwa kamera ndogo mwaka 1954, iliwawezesha wapiga picha kufanya kazi kivulini na hata jioni bila taa.

Mtambo nao ulipungua ukubwa. Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alibuni kamera iliyotumia filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35. Kila picha ilikuwa na ukubwa wa milimita 24 kwa 36 tu. Kamera hiyo, Leica, ilianza kuuzwa mwaka 1925. Ilienea mfukoni, ilitoa sauti ndogo, na haikuhitaji miguu mitatu ya kuisimamishia.

Jambo la tatu, la umbali, ndilo lililowapa wapiga picha wa barabarani wepesi ambao wengi huudhania kuwa ni kipaji tu. Tuseme lenzi ina urefu wa fokasi wa milimita 35 na imeelekezwa kwenye umbali wa mita 3. Tundu lake likiwa wazi sana, kwa kipimo cha f/2, vitu vinavyoonekana wazi ni vile vilivyo kati ya mita 2.6 na 3.5 hivi. Tundu likipunguzwa hadi f/8, eneo hilo hupanuka na kuanzia karibu mita 1.9 hadi mita 7.2. Mpiga picha anayeifahamu hesabu hii huitayarisha kamera yake mapema, akatembea nayo, na mtu anapoingia katika eneo hilo huwa hana haja ya kurekebisha chochote. Huinua mkono, pazia hufunguka na kufungwa, na tendo zima humalizika kabla mpita njia hajageuza shingo.

Jiji la Watu Wasiojuana

Mtambo peke yake haukutosha. Ilihitajika pia jamii ambamo mtu anaweza kusimama hatua chache kutoka kwa mwenzake bila kuulizwa atokako. Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe: kijijini, mtu asiyejulikana huonekana toka mbali, na mwenye kamera huonekana zaidi. Katika jiji kubwa kila mtu ni mgeni, na kwa hiyo hakuna anayeonekana.

Mwanasaikolojia Stanley Milgram alilieleza jambo hilo mwaka 1970 katika jarida la Science. Alinukuu makadirio kwamba mfanyakazi wa kitongoji cha Nassau, nje ya New York, angeweza kukutana na watu 11,000 katika eneo la mwendo wa dakika 10 kutoka ofisini kwake, ilhali yule wa katikati ya Manhattan angeweza kukutana na watu 220,000. Akili ya binadamu haiwezi kushughulika na idadi hiyo. Kwa hiyo mkazi wa jiji hujifunza kuwapa wengine sehemu ndogo sana ya nadhari yake. Naye mwanasosholojia Erving Goffman, katika maandishi yake ya mwaka 1963, alikuwa ameonyesha kwamba kutojali huko kuna kanuni zake. Watu wawili wanaokaribiana njiani hutupiana jicho mara moja, kila mmoja akaonyesha kuwa amemwona mwenziwe, kisha wote wawili huelekeza macho kwingine. Kumkazia mtu macho ni ufidhuli. Kutomwona kabisa ni dharau. Baina ya hayo mawili pana adabu ya jiji, na adabu hiyo ndiyo inayowawezesha watu wa lugha, dini na asili mbalimbali kubanana katika behewa moja bila ugomvi.

Mwaka 1972 Milgram alieleza uchunguzi mwingine. Wanafunzi wake waliwapiga picha abiria waliokuwa wakisubiri treni asubuhi, kisha wakawagawia abiria wa vituo hivyohivyo picha hizo na kuwauliza ni nani wanaowatambua. Karibu 9 katika kila 10 ya waliojibu walimtambua angalau mtu mmoja ambaye hawakuwahi kuzungumza naye, na kwa wastani kila mmoja aliwatambua wanne. Milgram aliona kwamba kati ya ndugu na mgeni kuna daraja la tatu: mtu ambaye sura yake inafahamika na jina lake halifahamiki. Maisha ya jiji yamejengwa juu ya daraja hilo.

Waliopiga na Waliopigwa

Wapiga picha wa New York waliivunja adabu aliyoieleza Goffman, na wengi wao walijua kwamba wanaivunja. Mwaka 1916 Paul Strand alifunga lenzi ya bandia ubavuni mwa kamera yake, ili watu wadhani kuwa anaelekea kwingine ilhali lenzi ya kweli ilikuwa inawatazama. Kwa njia hiyo alimpiga picha mwanamke kipofu aliyekuwa akiuza vitu barabarani, mwenye kibao shingoni kilichotangaza upofu wake. Picha hiyo ni miongoni mwa zile zinazoheshimiwa sana katika historia ya fani hiyo. Ni picha pia ya mtu ambaye hakuwa na uwezo hata wa kurudisha jicho.

Helen Levitt, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1913, alitumia kioo cha pembe kilichomwezesha kutazama upande mmoja huku kamera ikipiga upande mwingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 alizunguka Harlem ya Mashariki na mitaa mingine ya maskini na wahamiaji, akipiga picha za watoto waliocheza barabarani, waliovaa vinyago na kuchora kwa chaki juu ya lami. Maisha hayo ya barazani na vibarazani yalififia baadaye, magari yalipozidi na watu wakaingia ndani. Bila ya picha za Levitt na wenzake, watoto wa mitaa ile wasingekuwa na kumbukumbu ila ile iliyoandikwa na polisi na ofisi za misaada.

Kati ya mwaka 1938 na 1941 Walker Evans aliificha kamera chini ya koti lake, lenzi ikachungulia kati ya vifungo, na waya wa kufyatulia ukashuka ndani ya mkono wa koti hadi kiganjani. Akapanda treni za chini ya ardhi na kuwapiga picha abiria waliokaa mbele yake. Hakuweza kuchungulia katika kamera wala kutumia taa. Nyuso alizozipata ni za watu waliochoka, wanaowaza, wanaosinzia. Baada ya kuzipiga, Evans alikaa na nyingi ya picha hizo takriban miaka 25, na kitabu chake, Many Are Called, kilitoka mwaka 1966. Muda huo mrefu uliwapa waliopigwa kinga ya aina yake. Nyuso zilikuwa zimebadilika, na wachache wangeweza kuelekezewa kidole.

Picha za barabarani zilitumiwa na watafiti pia. Katika miaka ya 1970 William H. Whyte na wasaidizi wake waliweka kamera za sinema juu ya viwanja vya wazi vya Manhattan, zikapiga picha moja baada ya nyingine kwa vipindi maalumu kutwa nzima. Tangu mwaka 1961 jiji lilikuwa likiwaruhusu wajenzi kuongeza ghorofa ikiwa wangeacha viwanja vya wazi kwa umma, na vingi vya viwanja hivyo vilikuwa vitupu. Kamera zilionyesha kwamba watu hukaa mahali palipo na pa kukaa, jambo ambalo wasanifu wengi walikuwa wamelisahau. Zilionyesha pia kwamba watu wanaosimama kuzungumza hawajitengi pembeni, kama ilivyodhaniwa, na badala yake husimama katikati kabisa ya msururu wa wapitao. Mwaka 1975 jiji lilirekebisha kanuni zake kwa kufuata matokeo hayo. Katika kazi hiyo uso wa mtu haukuwa na maana. Kilichohesabiwa kilikuwa mwili, mwendo na kikao.

Swali Linafikishwa Mahakamani

Mwaka 1890, miaka miwili baada ya George Eastman kuanza kuuza kamera ya Kodak iliyoweza kupiga picha 100 kwa filamu moja, wanasheria Samuel Warren na Louis Brandeis waliandika makala wakionya kwamba picha za papo kwa papo na magazeti vimeingilia maisha ya faragha. Onyo hilo halikukubaliwa upesi. Mwaka 1902 Mahakama ya Rufani ya New York ilisikiliza kesi ya msichana ambaye picha yake ilitumiwa bila idhini katika matangazo ya unga wa ngano, nakala zipatazo 25,000. Mahakimu wanne dhidi ya watatu waliamua kwamba sheria haikumpa haki ya kudai chochote. Umma ulikasirika, na mwaka 1903 jimbo likatunga sheria ya kukataza matumizi ya jina au picha ya mtu kwa matangazo au biashara bila idhini yake iliyoandikwa.

Sheria hiyo haikugusa sanaa wala habari, na mpaka wake ulionekana wazi karibu karne moja baadaye. Kuanzia mwaka 1999 Philip-Lorca diCorcia alifunga taa za umeme juu ya jukwaa la ujenzi katika Times Square, akasimama mbali na lenzi ndefu, na kuwapiga wapita njia bila wao kujua. Picha 17 zilionyeshwa mwaka 2001, na nakala ziliuzwa kwa maelfu ya dola. Mmoja wa waliopigwa, mzee wa madhehebu ya Kiyahudi yanayokataza sanamu za binadamu, alifungua mashtaka mwaka 2005. Alidai kwamba picha hiyo imeiudhi imani yake. Mahakama iliamua mwaka 2006 kwamba picha ni sanaa, na kwamba kuuzwa kwake hakuifanyi kuwa biashara kwa maana ya sheria ya 1903. Mwaka 2007 mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliikataa kesi hiyo kwa kuwa muda wa kushtaki, ambao ni mwaka mmoja tangu picha kutangazwa, ulikuwa umekwisha pita.

Hapo pana hoja mbili zenye uzito. Upande mmoja, kama kila mpita njia angelazimika kutoa idhini, historia ya picha za jiji isingekuwapo, au ingejaa watu waliojipanga na kutabasamu. Upande mwingine, mzee yule alikuwa akipita tu barabarani, na hakuwa na njia ya kujua kwamba uso wake utauzwa.

Kompyuta Inayotambua Uso

Mzani wa hoja hizo ulitegemea jambo ambalo halikuandikwa katika sheria: picha ilionyesha uso na haikutaja jina. Garry Winogrand, mpiga picha mashuhuri wa New York, alipofariki mwaka 1984 aliacha mikanda ya filamu ipatayo 2,500 ambayo haijasafishwa. Kwa hesabu ya picha 36 kila mkanda, hizo ni nyuso na matukio ya picha 90,000. Hakuna binadamu ambaye angeweza kuzipitia na kumtaja kwa jina kila aliyeonekana.

Kompyuta inaweza kujaribu. Katika mfumo uliotangazwa na watafiti wa Google mwaka 2015, kila uso hugeuzwa kuwa orodha ya namba 128. Mfumo umefundishwa kwa mamilioni ya picha, hata picha mbili za mtu mmoja zikatoa orodha zinazokaribiana, na picha za watu wawili tofauti zikatoa orodha zilizo mbali. Kumtafuta mtu kwa njia hiyo ni kutafuta orodha iliyo karibu zaidi, kazi ambayo kompyuta huifanya kwa muda mfupi hata pakiwa na mamilioni ya nyuso. Mnamo Januari 2020 ilifichuliwa kwamba kampuni moja ya New York, Clearview AI, ilikuwa imekusanya kutoka intaneti picha zaidi ya bilioni 3, na kuwawezesha polisi kutafuta jina la mtu kwa kutumia picha yake moja.

Mitambo hiyo pia hukosea, na makosa yake hayagawanyiki sawasawa. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilieleza Desemba 2019 kwamba katika mingi ya mifumo iliyopimwa, makosa ya kumdhania mtu kuwa mwingine yalikuwa mara 10 hadi 100 zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika na Asia ya Mashariki kuliko kwa wazungu. Katika jiji lenye watu zaidi ya milioni 8.8 kwa hesabu ya mwaka 2020, ambao zaidi ya theluthi moja wamezaliwa nchi za nje, kosa la namna hiyo ni hatari kubwa. Anayebebeshwa kosa la mwingine huwa ni yule yule mhamiaji au Mwamerika mweusi ambaye wapiga picha wa zamani walimfuata kwa kamera zao.

Kutenganisha Matendo Matatu

Hekima ya wahenga kwamba macho hayana pazia inabaki kuwa kweli. Hakuna sheria inayoweza kumzuia mtu kuona kilicho mbele yake hadharani. Yafaa hata hivyo kutenganisha matendo matatu ambayo kwa muda mrefu yalichanganywa: kuona, kutangaza, na kutambulisha. Strand, Levitt na Evans waliona na kutangaza. Wale waliopigwa hawakutambulishwa, na wakabaki na stara ya wingi wa watu. Madhara makubwa ya leo yamo katika tendo la tatu, linaloweza kufanywa na mtu ambaye hakuwahi kuikanyaga barabara ile, miaka mingi baada ya picha kupigwa.

Baadhi ya serikali zimeanza kulitazama tendo hilo kwa upekee. Jimbo la Illinois lilitunga mwaka 2008 sheria inayodai idhini kabla ya kampuni kukusanya vipimo vya uso wa mtu. Tangu Julai 2021 maduka na kumbi za New York zinazokusanya vipimo hivyo hulazimika kuwatangazia wateja kwa bango mlangoni. Katika Afrika ya Mashariki, Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Mnamo Septemba 2023 kamishna wa Kenya alikitoza kilabu kimoja cha starehe cha Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sheria hizo zinawahusu pia wenye simu zenye kamera, ambao ni wengi kuliko wapiga picha wote wa karne iliyopita.

Kwa mpiga picha wa leo, fundisho ni kwamba uamuzi hauishi pazia la kamera linapofungwa. Mahali ambapo picha itawekwa, ukubwa wa uso ndani yake, maelezo ya saa na mahali yanayoandikwa humo na kamera yenyewe, na muda wa kusubiri kabla ya kuitangaza, yote ni sehemu ya kazi yake. Kwa watunga sheria, kazi iliyobaki ni kuilinda kumbukumbu ya barabara bila ya kuigeuza kuwa daftari la majina ya waliopita.